Kukosea gia kunaua injini ya resi za juu: namna ya kuikinga

Wakuu, hii naandika kwa wenye gari ambazo utamu wake wote uko juu kule kwenye RPM (mizunguko ya injini kwa dakika). Altezza RS200 ya gia sita, Runx ile Z Aerotourer yenye injini ya 2ZZ, Corolla za zamani zenye injini ya 4A-GE, Civic za VTEC, na wengine mnajijua. Mwanza zipo, kaa Buzuruga jioni utazisikia zinavyokuja toka Igoma. Altezza yenye injini ya 3S-GE na Runx ya 2ZZ zote zinatoa nguvu yake kamili kwenye RPM 7,600, kwahiyo mwenye nayo lazima atapanda huko tu, ndo maana aliinunua. Afu sisi tupo juu, ziwa lenyewe lipo kama mita 1,134 toka usawa wa bahari, hewa nyepesi kuliko Dar, injini isiyo na tabo inakosa kama sehemu ya kumi ya nguvu yake hivi, basi mtu anazidi kukanyaga kutafuta kile kinachokosekana.

Kupanda juu sio tatizo, imetengenezwa hivyo. Tatizo ni kupitiliza. Na kinachoniuma ni kwamba watu wengi wanaamini gari haiwezi kupitiliza kwasababu ina limita. Nisikilizeni hapa vizuri maana mwongozo wote unasimama hapa.

Limita ni kontroli boksi (kompyuta ya injini) inakata petroli au moto wa plagi RPM ikifika kikomo. Inafanya kazi pale ambapo petroli ndo inaizungusha injini, yaani umekanyaga mafuta ukasahau kubadili gia, au umepiga resi gari iko fri. Hapo limita inakuokoa kweli. Ila ukiwa kwenye spidi ukaingiza gia ndogo kwa bahati mbaya ukaachia klachi, sasa ni matairi ndo yanaizungusha injini kupitia giaboksi. Kontroli boksi ikate petroli isikate, injini itazunguka tu. Ni kama mtu ameshika kamba ya ng'ombe aliyeanza kukimbia, hata akisema mi siendi, anaenda.

Ndani kule kinachotokea ni hiki. Kwenye 8,000 kila pistoni inapanda na kushuka mara 133 kwa sekunde moja. Nguvu inayoivuta konrodi (chuma kinachounga pistoni na krenki) haiongezeki sawasawa na RPM, inaongezeka kwa mraba wake, kwahiyo toka 7,500 kwenda 10,000 sio kwamba umeongeza theluthi, mzigo kwenye konrodi na bolti zake umefika karibu mara 1.8 ya ule wa kwanza. Springi za valvu nazo zinashindwa kurudisha valvu kwa wakati, valvu inabaki inaelea iko wazi, pistoni inapanda inaikuta. Valvu inapinda. Ikikatika kichwa ndo inatoboa pistoni kabisa. Kwenye 2ZZ kuna na ugonjwa mwingine unaojulikana, gia za pampu ya oili zinapasuka, injini inabaki inazunguka bila oili, na hiyo inaweza kukumaliza hata kama valvu zimepona.

Mimi mwenyewe yamenikuta. Nilikuwa natoka Usagara kuja Buhongwa, gia ya tano, spidi 110, mbele kuna lori la pamba nataka kulipita. Nikataka nne. Mkono ukaenda mpaka pili. Nilipoachia klachi mshale uliruka ukalala mwisho kabisa wa saa, mkia wa gari ukatikisika, na mlio ule sijawahi kuusahau, sio mlio wa resi, ni kama chuma kinapiga yowe. Nilikanyaga klachi, sidhani hata sekunde iliisha, lakini ilikuwa imeshatosha. Ikabaki inawaka ila inatetemeka kama mtu mwenye malaria. Baadae nilipiga hesabu nikajua niliipeleka kama 9,200. Kwahiyo haya nayoyaandika chini nimeyalipia.

Hatua ya 1: jua namba za gari yako, usikisie

Hii ndo kazi ya kwanza na haina gharama. Tafuta barabara iliyonyooka isiyo na watu asubuhi mapema, weka gia ya kwanza tembea taratibu mpaka mshale ukae kwenye 3,000 kamili, abiria wako aandike spidi. Fanya hivyo gia ya pili, ya tatu, ya nne. Afu kila spidi gawanya kwa tatu, unapata kila RPM elfu moja inakupa spidi ngapi kwenye gia ile.

Ya kwangu ilitoka hivi: gia ya pili kwenye 3,000 inasoma 36, maana yake 12 kwa kila elfu. Ya tatu ni 54, maana yake 18. Ya kwanza 21, ambayo ni 7. Sasa chukua 7,500 uliyojiwekea kama kikomo, zidisha 7.5. Gia ya kwanza inaishia 52, ya pili 90, ya tatu 135. Juu ya spidi hizo gia hiyo ni marufuku, haijalishi umekanyaga mafuta au umeachia. Mi nikapunguza tena 15 kwenye kila moja iwe ya usalama, kwasababu spidomita zenyewe huwa hazisemi kweli kabisa na tairi zikibadilishwa saizi hesabu inahama. Kwahiyo kwangu juu ya 75 gia ya pili sahau, juu ya 37 gia ya kwanza sahau.

Hesabu hii pia inakuonyesha kitu ambacho wengi hawakijui, kwamba hauhitaji kuwa unakimbiza gari ndo uipitilize. Uko 120 gia ya tano, mshale umetulia tu haujafika hata elfu tano, unasikiliza redio. Ukiingiza pili hapo ni 120 gawanya 12, elfu kumi. Umeua injini ukiwa unatembea kawaida tu.

Andika namba hizo kwenye kikaratasi ubandike kwenye dashibodi mwezi mmoja mpaka ziingie kichwani.

Hatua ya 2: angalia liva ya gia na kila kinachoishikilia

Gari zetu nyingi zimekuja mtumba, zina miaka zaidi ya ishirini. Bushi za liva ya gia zimeliwa, liva inacheza kama kijiko kwenye kikombe, hapo hata dereva mzuri atakosea. Washa gari, weka fri, achia liva. Inatakiwa ijirudishe yenyewe katikati, kwenye mstari wa tatu na nne. Isiporudi, au ikirudi imelala upande, springi ya kuirudisha imechoka au bushi zimekwisha. Weka gia ya tatu afu itikise kushoto kulia. Ikicheza sana peleka kwa fundi.

Afu maunti za injini na za giaboksi, zile raba zinazozishikilia kwenye bodi. Hizi watu wanazisahau kabisa. Maunti ikichanika, ukikanyaga mafuta injini inalala upande mmoja, ukiachia inalala mwingine, na ule mlango wa gia unaoutafuta unahama mahali pake. Kwa barabara zetu hizi za mawe kupanda milimani Mabatini na kule Igogo, na matuta kila kona, maunti hazidumu. Fungua boneti, mtu akanyage breki aweke gia aachie klachi kidogo kidogo, wewe angalia injini inanyanyuka kiasi gani.

Hizi liva fupi za fasheni nazo, angalia. Inapendeza lakini milango ya gia inasogeleana, ukiwa bado haujazoea ndo rahisi kukosea. Mi naona bora bushi mpya kwenye liva ya kiwandani.

Hatua ya 3: fundisha mkono

Hapa ndo pana mambo, naomba msipite haraka.

Sisi usukani kulia, gia tunaingiza kwa mkono wa kushoto. Moja na mbili ziko mbali na wewe, upande wa abiria. Tatu na nne katikati. Tano na sita upande wako. Kwahiyo hatari kwetu iko pale mkono unapoisukuma liva kuelekea kwa abiria. Ukiivuta kuja kwako bahati mbaya utaingia tano au sita, gari itachoka tu, haifi. Video nyingi za mtandaoni ni za watu wenye usukani kushoto, kwao ni kinyume, mtu akivuta liva kuja kwake kwa nguvu ndo anaingia pili, kwahiyo ushauri wao wa mkono usiuchukue kama ulivyo.

Sehemu tatu za kukosea kwetu ni hizi. Unatoka tano unataka nne, unasukuma sana kwa abiria unaangukia pili, ndo yangu ile. Unatoka nne unataka tano, liva haijafika upande wako, inapanda moja kwa moja inaingia tatu. Na unatoka tatu unataka nne ukiwa juu kabisa karibu na mstari mwekundu, una haraka, mkono umekaza, unaivuta chini huku umeisukuma pembeni, pili tena.

Dawa yake ni kuacha kushika liva kama unashika shoka. Tumia kiganja, vidole vilegee. Ukitaka moja au mbili, kiganja kiangalie abiria, dole gumba chini, ndo unasukuma kwenda kule. Ukitaka tano au sita, kiganja kikuangalie wewe, unaivuta kuja kwako. Ukitaka tatu au nne usisukume pembeni kabisa, mbele au nyuma tu. Toka tano kwenda nne: itoe mpaka fri, iache nusu sekunde springi iirudishe katikati yenyewe, afu ivute nyuma. Springi ile inajua katikati kuliko mkono wako.

Fanya mazoezi gari imezimwa nyumbani. Mi nilikuwa nakaa ndani ya gari jioni klachi chini, macho nimefumba, tano-nne, nne-tano, tatu-nne, mara hamsini. Wiki mbili. Mke wangu alidhani nina mawazo. Lakini mkono ulijifunza.

Na hii iandike moyoni: gia ikigoma usiilazimishe. Ukiwa kwenye spidi ukasikia liva inakataa kuingia, kwamba inatakiwa nguvu, hizo ni sinkro zinahangaika kuilinganisha gia na spidi ile na zinashindwa. Giaboksi inakwambia hapa sio penyewe. Rudi fri, pumua, anza upya. Watu wanaokandamiza ndo wanaopasua. Hata kabla haujaachia klachi, sahani ya klachi yenyewe inakuwa inazungushwa na matairi kwa resi hizo za ajabu, nayo inaweza kupasuka.

Hatua ya 4: breki kwanza, gia baadae, na klachi isiachiwe kama umetupa mzigo

Kuna tabia ya kutumia gia kama breki. Unakuja toka Kisesa kwa kasi, unaona tuta au wenye tochi, unapiga tatu, unapiga pili, gari inalia, unajiona fundi. Breki zipo kwa kazi hiyo, na pedi za breki ni rahisi mara nyingi sana kuliko hedi, ile sehemu ya juu ya injini wanakokaa valvu. Punguza spidi kwa breki mpaka ufike kwenye namba za kikaratasi chako ndo urudishe gia, na rudisha moja moja, tano nne tatu, usiruke.

Klachi ndo nafasi yako ya mwisho. Ukirudisha gia, achia taratibu mpaka inapoanza kushika, hapo sikiliza. Mshale ukianza kuruka kwa kasi na pua ya gari ikainama ghafla, umekosea, mguu urudi chini saa hiyo hiyo. Mwenye kuachia klachi kwa kishindo hana nafasi hii.

Kwa Altezza kuna la zaidi, inasukuma kwa matairi ya nyuma. Ukikosea gia kwenye lami yenye maji, matairi ya nyuma yanashikwa kama umevuta hendibreki na gari inageuka. Kanyaga klachi, usukani unyooke, usikanyage breki kwa nguvu. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025 naona vijana wanapenda kulipitia kwa fujo, kama kilomita tatu zimenyooka juu ya maji. Pale upande na upande ni ziwa, sio mahali pa kujaribia gia.

Hatua ya 5: oili na joto

Nitasema kwa ufupi. Kipimo cha joto kwenye dashibodi kinapima maji, sio oili, na oili inachelewa kupata joto. Asubuhi usipande juu ya 3,500 mpaka umetembea dakika kumi hivi, yaani ukitoka Capri Point hakikisha umefika Pasiansi ndo uanze mambo yako. Pima oili kwa stiki kila wiki, 2ZZ zilizochoka zinakula oili na haikwambii mpaka taa iwake, na taa ikiwaka umeshachelewa. Nunua oili kwenye duka unaloliamini, feki zipo nyingi. Na kama Altezza yako ya 3S-GE haujui taimingi belti ilibadilishwa lini, ibadilishe, wala usiulize. Ukiisukuma mpaka 7,600 na belti ya miaka kumi na tano unajitafutia.

Hatua ya 6: mambo madogo yanayofanya mafuta yakwame

Kapeti ya miguuni ikisogea inashika pedali ya mafuta. Ndala nazo hivyo hivyo, ukitoka mwaloni Kirumba na miguu yenye maji inateleza toka breki inakwenda kwenye mafuta. Gari za zamani zenye kebo ya mafuta, angalia kebo isiwe imeanza kuchanika nyuzi, na throto isafishwe isigande. Mafuta yakikwama ukiwa unaendesha, weka fri, acha ilie kwenye limita (hapo limita inafanya kazi), simama pembeni ndo uzime. Usizime ukiwa kwenye mwendo, usukani utakuwa mzito na breki zitakuwa ngumu kukanyaga.

Na usikubali mtu aongeze kikomo cha limita kwenye kontroli boksi huku springi za valvu ni zile zile za Japani za mwaka 2000.

Hatua ya 7: taa ya gia

Ukiwa na hela kidogo weka saa ya RPM ya pembeni yenye taa ya kubadilisha gia, na uchague ile inayokumbuka RPM ya juu kabisa iliyofikiwa. Taa iweke 500 chini ya kikomo ili macho yabaki barabarani. Kumbukumbu ile ni muhimu kuliko taa yenyewe, ukikosea unajua ulifika 8,300 au 10,000, na hizo ni habari mbili tofauti kabisa. Na ukimwazima mdogo wako gari utajua.

Ikishatokea

Klachi chini, achia mafuta, sogea pembeni. Sikiliza injini ikiwa inaunguruma taratibu kwa sekunde chache tu. Taa ya oili ikiwa inawaka, au kuna mlio wa kugonga, tiki-tiki mpya, au inatetemeka, zima na usiiwashe tena. Kila mzunguko wa valvu iliyopinda unaongeza hasara. Ita bredauni. Najua inauma hela ila usiiendeshe mpaka gereji.

Mi fundi wa kwanza aliniambia badilisha plagi tu itakaa sawa. Nikakataa nikaomba kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) ipimwe silinda zote nne. Silinda tatu zilikuwa karibu PSI 190, silinda namba mbili ilikuwa 70. Hapo hakuna ubishi tena, hedi ikafunguliwa, valvu mbili za kuingiza hewa zimepinda. Hata kama gari inawaka vizuri kabisa baada ya kukosea, pima kompresheni. Mwaga oili kupitia kitambaa cheupe, fungua filta ya oili uikate, kunjua karatasi yake uangalie juani. Ukiona vipande vinavyong'aa, bearingi zimeguswa.

Na hapa ndo wengi wanakosea mara ya pili. Wanatengeneza hedi, chini hawagusi. Bolti za konrodi zikivutwa kupita kiasi hazirudi urefu wake, zinabaki zimeregea kidogo, gari inatembea miezi mitatu afu siku moja njiani kwenda Magu konrodi inatoka ubavuni mwa bloku. Kama ulipita kikomo kwa RPM elfu moja na zaidi, shusha sampu (bakuli la oili chini ya injini), weka bolti mpya za konrodi na bearingi mpya, na kwa 2ZZ fungua pampu ya oili uangalie gia zake. Fundi akikwambia za zamani bado nzima kwasababu anaziona hazijakatika, mwambie hela ni yako.

Ikishafungwa, tembea kilomita 500 bila kupita 4,000, afu mwaga oili tena na ukate filta tena. Ikiwa safi, rudi taratibu, elfu moja juu kila baada ya siku chache. Ya kwangu ilirudi 7,500 baada ya wiki sita na mpaka leo inatoka Nyegezi kila asubuhi.